Nyonga Mpya Haitaki Kigoda

Maswali ya wasomaji kuhusu wagonjwa wa nyumbani. Anayejibu ni muuguzi mstaafu aliyehudumu wodi ya mifupa kwa miaka 22, kisha naye akabadilishiwa nyonga ya kulia.

SWALI

Shikamoo dada. Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Muheza. Riziki yangu ni vitumbua na chapati, nakaanga alfajiri karibu na stendi. Nyonga ya kushoto inanisumbua mwaka wa nne huu. Nilipopigwa picha, daktari akasema gegedu limelika lote, mfupa unasagana na mfupa. Nimepewa tarehe ya operesheni MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar, wiki saba kutoka leo. Operesheni yenyewe siiogopi sana, naogopa baada yake. Nyumbani nipo na mkwe wangu, mke wa mwanangu, na mjukuu wa kiume wa miaka 13. Mwanangu ni dereva wa malori, haonekani. Choo chetu ni cha shimo, kiko uani, hatua kama ishirini kutoka mlango wa nyuma. Watu wananiambia ukishabadilishiwa nyonga hukai tena chini mpaka unaingia kaburini. Sasa nitapikaje? Nitaswalije? Na nitayarishe nini mapema, maana nikirudi nitakuwa mtu wa kulala tu?

Mama Vitumbua, Muheza

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo neno lako la mwisho, maana ndilo lililonishtua. Hutakuwa mtu wa kulala. Mambo yakienda vizuri, jioni ya siku ileile au kesho yake asubuhi watu wa mazoezi watakuja kitandani na woka, lile fremu la miguu minne la kutembelea, na watakusimamisha. Utawachukia. Mimi niliyewaambia wagonjwa miaka 22 "hatua mbili tu mama, mbili tu", zamu yangu ilipofika nilimwambia yule kijana achukue woka yake aende nayo kwao. Alisimama palepale akinitazama, ananisubiri nimalize. Nikasimama. Hatua nne, jasho mpaka kwenye kisigino.

Kwa hiyo jitayarishe kwa kutembea. Kulala hakuhitaji maandalizi.

Daktari wako ana kazi ya saa moja na nusu, mbili hivi. Kazi ya miezi mitatu inayofuata ni ya nyumba yako, na nyumba zetu, mwaya, maisha yake yote yako chini. Kukaanga, kigoda. Kukuna nazi, umepanda mbuzi. Kufua, umeinamia beseni. Kula, mkekani. Chooni unachuchumaa, jiko liko sakafuni, ndoo iko sakafuni, kandambili zimeingia uvunguni. Hebu kesho asubuhi jihesabie: tangu unaamka mpaka adhuhuri, ni mara ngapi makalio yako yameshuka chini ya magoti, au mkono wako umeteremka chini ya goti? Mimi nilihesabu nikapata mara 31. Wakati huo nilikuwa mstaafu, sina hata biashara ya vitumbua.

Sababu ya kuhesabu ni hii. Nyonga ni tufe ndani ya kikombe. Watakutolea kichwa cha mfupa kilicholika, wakuwekee tufe jipya lenye shina la chuma lililozama ndani ya mfupa wa paja, na kikombe kipya upande wa nyonga. Ili wafike huko lazima wapasue nyama na ule mfuko mgumu unaoshikilia kiungo. Mfuko na nyama vinahitaji wiki kadhaa kushikana tena. Kabla havijashikana, ukikaa kwenye kigoda goti likapanda juu kuliko nyonga, shingo ya chuma inagota kwenye ukingo wa kikombe na kulibanjua tufe, kama unavyobanjua kitumbua kwenye chuma chake kwa kijiti. Linachomoka. Nimewapokea waliochomoka, na kilio chao hakisahauliki upesi.

Wengi hufunguliwa kwa nyuma ya nyonga, na kwa hao masharti ni matatu: usikunje nyonga kupita pembe mraba, usipishanishe miguu, usigeuze vidole vya mguu kuelekea ndani. Muda wake huwa wiki 6 mpaka 12. Lakini kuna madaktari wanaofungua kwa ubavuni au kwa mbele, na masharti yao si haya haya. Kwa hiyo kabla hujatoka wodini muulize daktari wako maswali mawili, na mkwe awepo aandike majibu: nimefunguliwa wapi na nisifanye nini kwa muda gani, na mguu huu niukanyagie uzito wote au nusu? Usikubali jibu la "utaambiwa". Mwambie nakuomba uniambie sasa, bado niko hapa.

Sasa choo, maana ndiko nilikoaibika mimi. Nilirudi nyumbani nikiwa najiona mjuzi. Kitanda nilikipandisha kwa matofali kabla sijaondoka, mikeka niliikunja, kila kitu. Asubuhi ya kwanza nakwenda msalani na woka yangu, naufikia mlango, woka haipiti. Mlango sentimita 58, woka 63. Mimi niliyewafundisha watu! Nimesimama pale na haja yangu, mume wangu ananiuliza nifanye nini, namwambia leta ndoo, naye analeta ndoo ya kuogea. Tukacheka baadaye, siku hiyo hatukucheka. Alasiri fundi alikuja akang'oa fremu ya mlango, tukatundika pazia, na pazia hilo lilikaa miezi mitatu.

Kwa hiyo leo, kabla hujamaliza gazeti hili, mtume mjukuu apime upana wa mlango wa choo, wa chumba chako na wa uani. Hospitali wakikupa woka au ukiiazima, ipimwe nayo.

Juu ya shimo weka kiti. Usinunue cha plastiki ukatoboa. Miguu yake hutanuka kwenye sakafu yenye maji, ukaenda nacho. Mwite seremala akutengenezee cha mbao, chenye tundu katikati na mikono miwili imara ya kushikilia unaposhuka na kuinuka. Kipimo chake si changu wala cha jirani. Simama wima: ukingo wa kiti upite kidogo lile kunjo la nyuma ya goti lako. Ukikaa, nyonga iwe juu kuliko goti, nyayo zote mbili zimetua. Chini ya miguu ya kiti apigilie vipande vya tairi, hao mafundi wa makubazi wanavyo tele. Kiti hichohicho kitakufaa kuogea. Na mtengeneze cha pili, cha chumbani, chenye ndoo chini yake, kwa ajili ya usiku. Hatua ishirini za uani saa nane za usiku, mvua ya masika, mikono miwili imeshika woka na tochi huna pa kuishikia, hapana. Mchana nenda, ni zoezi zuri. Lakini hizo hatua ishirini zisawazishwe: mashimo yafukiwe, kamba ya kuanikia nguo ipandishwe juu ya kichwa, kuku wafungiwe unapopita. Sitanii kuhusu kuku.

Kitanda nacho kipimo ni kilekile cha nyuma ya goti. Matofali mawili chini ya kila mguu mara nyingi yanatosha, ila yawe yamekaa sawa, si ya kuyumba. Kama godoro lako limeshabonyea katikati, shona gunia la makumbi au weka ubao chini. Lala chali na mto katikati ya mapaja, mto mnono, usiku kucha, ili miguu isipishane usingizini. Siku daktari akikuruhusu kulala ubavu, mto ubaki palepale.

Nguo: mguu uliofanyiwa operesheni unaingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Dera zako zikunjwe pindo mpaka juu ya kifundo cha mguu. Dera refu na woka havipatani. Mimi nilikanyaga pindo wiki ya tatu, nikajishikilia kwenye kabati la vyombo, sahani mbili zikaondoka. Kandambili weka mbali. Tafuta viatu vinavyofunika kisigino, visivyo na kamba, vya kuingiza mguu tu.

Shona mfuko wa kitenge uufunge mbele ya woka. Ndani simu, tasbihi, dawa, chupa ya maji. Ukitembea na woka huna mikono, na chai ya moto haibebeki. Chai iwe kwenye chupa ya kufunga, ndani ya mfuko. Utanikumbuka.

Umeuliza kuhusu sala. Dini imekurahisishia: asiyeweza kusimama huswali amekaa. Utaswali kwenye kiti kirefu, rukuu na sujudu kwa kuinamisha kichwa, sujudu iwe chini zaidi kidogo. Ni kichwa tu, usiinamishe kiwiliwili mpaka kifua kifike mapajani, maana hapo umeshavunja ile pembe mraba ukiwa kwenye kiti chako kizuri. Mtihani uko kwenye udhu. Kunawa miguu mwenyewe hutaweza, na wengi hapa ndipo hujisahau, wakainama. Mimi mjukuu wangu alikuwa akija na birika la maji ya vuguvugu na beseni, nakaa kitini, nanyoosha mguu mbele, anamwaga taratibu na kupitisha vidole vyake katikati ya vidole vyangu. Mara tano kwa siku. Alikuwa na miaka 11 na hakulalamika hata mara moja, ingawa siku za mpira alikuwa akimwaga haraka. Wako ana 13, anaweza. Masuala ya kifiqhi kamuulize sheikh wako, mimi nazungumzia nyonga.

Hapa niingie kwa mkwe, ambaye umemtaja mara moja ukapita. Je, umeshazungumza naye? Wiki mbili za mwanzo utahitaji mtu wa kukusaidia kuoga, kukuvalisha, kumwaga ile ndoo ya usiku. Kati ya mkwe na mama mkwe kuna haya, na haya hiyo ni kitu kizuri, lakini ikikaa kimya inaleta shida: wewe utaona aibu kumwita, utajiinua mwenyewe, utaanguka. Mkalishe sasa, umwulize wazi lipi ataliweza. Pengine ataweza kupika na kufua lakini si kukuogesha, na si kosa lake. Basi mwombe dada yako au shoga yako wa siku nyingi aje akae wiki mbili kwa kazi hiyo. Mimi alikuja mdogo wangu kutoka Korogwe, akanisugua mgongo huku akinisimulia ugomvi wote wa mtaa wao. Nilipona nikiwa najua habari za watu nisiowajua.

Na huyo mkwe mpe mamlaka kwa wageni. Watakuja, ndio uungwana wetu, na kila mmoja atakuja na dawa yake. Mmoja atataka kukukanda kwa maji ya moto kama mzazi. Mwingine ana mafuta ya karafuu. Mwingine atakuchua paja "damu itembee". Wote washukuriwe, wapewe chai, na mkono usifike kwenye nyonga. Kidonda kikae kikavu na bandeji yake. Nyuzi au pini hutolewa kati ya siku ya 10 na 14 hivi. Mgeni akikukuta umekaa kwenye kiti chako kirefu, asikuombe upishe akae yeye, hata awe nani.

Wiki hizi saba mwili nao una kazi. Jino bovu ling'olewe au lizibwe sasa hivi. Wadudu wa jino husafiri kwenye damu, na chuma kipya ni makazi mazuri kwao. Mkojo ukichoma, kidonda kwenye mguu, fangasi iliyochana katikati ya vidole, vyote vitibiwe. Kama una sukari au presha, vidhibitiwe, sukari hasa. Dawa zote unazokunywa zitaje, pamoja na za mitishamba na hiyo aspirini ya kichwa unayoiona si dawa. Nyingine hufanya damu itoke sana, na daktari ndiye atakayesema ipi uiache na lini. Ndugu waandaliwe kuchangia damu mapema, wasitafutwe asubuhi ya operesheni. Usijinyoe sehemu ya nyonga kwa wembe nyumbani, mikwaruzo ya wembe ni milango ya wadudu. Kama kuna haja, hospitali watafanya kwa vifaa vyao. Na kama kuna harusi karibu na tarehe yako, kucha ziache bila piko. Kile kidude cha kidoleni kinachosoma oksijeni huhangaika na weusi wa piko, na wanawake wa Tanga tunawasumbua sana madaktari wa usingizi kwa jambo hili.

Mazoezi anza leo, mikono kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mikono, jisukume juu kwa mikono mpaka makalio yaachane na kiti, rudi. Kumi asubuhi, kumi jioni. Wewe mkandaji wa unga wa chapati mikono unayo tayari, lakini woka inataka misuli ya nyuma ya mkono, si ile ya kukandia. Ukilala, kaza paja, goti likandamize godoro, hesabu mpaka tano, achia.

Ukitoka wodini usikimbilie Muheza siku hiyo hiyo kama una ndugu Dar wa kukuhifadhi. Ni safari ya saa nyingi umekaa, na kukaa muda mrefu baada ya operesheni hii ndiko damu inakoganda kwenye mguu. Utapewa sindano ndogo za tumboni au vidonge vya kuzuia hilo. Wengine hutumia mpaka siku 28 au 35. Zimalize, hata ukijisikia mzima. Na kila saa ukiwa macho, chezesha nyayo juu chini kama unakanyaga cherehani. Siku ya safari tafuta gari dogo, siti ya mbele irudishwe nyuma na kulazwa, mto juu yake ili usizame. Tanguliza makalio, kisha geuka na miguu yote miwili kwa pamoja. Tandika kipande cha satini kwenye siti, utateleza bila kujipinda. Kila saa msimame ushuke, utembee hatua chache. Bodaboda usiiangalie hata machoni.

Dawa za maumivu zitakufunga choo. Papai, maji, uji wa dona, na useme mapema kabla ya siku ya nne. Hili watu huona aibu kulitaja kuliko lolote.

Yapo mambo ya kukimbilia hospitali bila kungoja asubuhi. Maumivu makali ya ghafla kwenye nyonga, mguu ukaonekana umefupika au umegeuka na hausimamiki: usiuvute, usimwite fundi wa mifupa wa mtaani, ukae kama ulivyo mpaka ubebwe. Kigimbi kuvimba na kuuma, au pumzi kukatika na kifua kuchoma: hiyo huenda ni damu iliyoganda, haisubiri. Homa na kidonda kinachotoa maji au usaha, hata baada ya mwezi: rudi kwa waliokufanyia operesheni, usijipe antibaotiki za duka la dawa. Wakikupima umeshameza vidonge vya kubahatisha, mdudu hujificha wasijue ni yupi.

Vitumbua sasa. Wiki sita za mwanzo hakuna biashara, liweke hilo moyoni na kwenye hesabu. Waambie wenzako wa kikoba mapema ili zamu yako ya kupokea ikiwezekana iangukie miezi hiyo. Mkwe aanze kukaanga na wewe kuanzia kesho, umfundishe mpaka wateja wasitofautishe, na usimfiche ile siri yako ya hiliki. Kuanzia wiki ya sita, daktari akiridhika kwenye kliniki, unaweza kwenda kukaa kwenye kiti kirefu upokee pesa. Kukaanga mwenyewe kadiria miezi mitatu, na jiko lako lisirudi sakafuni tena: lijengewe meza ya matofali inayofika kiunoni, ukaange umesimama au umekaa kwenye stuli ndefu. Wapo watakaosema umejifanya mama wa hoteli. Waache, mgongo wako nao utafurahi.

Nazi akune mwingine. Mbuzi ndiye adui namba moja wa nyonga yako: yuko chini, na anakuinamisha mbele, ile pembe mraba unaivunja mara mbili kwa mpigo mmoja. Mimi wiki ya tano nilijiona nimepona, nyumba haina mtu, nikatamani wali wa nazi. Nikamkalia. Kukaa nilikaa. Kuinuka ndiko nilikoshindwa, nimekaa pale na kifuu mkononi karibu saa nzima mpaka jirani aliposikia nikiita. Nyonga haikuchomoka, kwa rehema za Mungu tu. Yule mbuzi nilimgawa.

Na hilo la kutokaa chini mpaka kaburini: si kweli hivyo. Wiki 6 mpaka 12 zikipita, masharti mengi hulegezwa, na wapo wanaorudi hata mkekani kwa taratibu walizofundishwa. Kuchuchumaa kabisa na vigoda vifupi ni jambo la kumwuliza daktari wako ana kwa ana, kila nyonga na daktari wake. Mimi nimechagua kutorudi. Utaanza na woka, kisha magongo, kisha mkongojo mmoja, nao ushikwe mkono wa kulia kwa kuwa nyonga yako ni ya kushoto; wengi huushika upande unaouma, wakazidi kuchechemea. Ngazi: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, wa operesheni hutangulia. Uvimbe wa mguu jioni unaweza kukaa miezi kadhaa, na nguvu huendelea kurudi mpaka mwaka mzima. Chuma chenyewe wengi hukaa nacho miaka 15 na zaidi.

Nitumie vipimo vya mlango.

SWALI

Mke wangu amebadilishiwa nyonga, leo ni wiki ya tatu, anaendelea vizuri. Naona haya kumwuliza daktari: lini tunaruhusiwa kurudia mambo ya unyumba?

Mume, Kilwa

JIBU

Daktari ameshaulizwa na masheikh na wachungaji, hatashangaa. Kwa wengi ni karibu wiki ya sita, baada ya kliniki, kidonda kimefunga na mwenyewe anajisikia. Yeye alale chali, mto chini ya goti, mguu usipindwe wala kukunjwa kuelekea kifuani, na kazi iwe yako. Akisema hapo panauma, pameuma. Na mwulize yeye kwanza kabla ya daktari, kaka yangu. Barua yako yote haina hata neno moja linaloonyesha umemwuliza.

SWALI

Mimi ni kijana wa miaka 27 nina selimundu, yaani sikoseli. Kichwa cha mfupa wa nyonga ya kulia kimekufa, nimeambiwa nitabadilishiwa. Je, maandalizi yangu ni sawa na ya wazee?

Msomaji, Mwanza

JIBU

Nyumba yako itayarishe kama nilivyomwambia mama wa Muheza, lakini damu yako ina mahitaji yake. Daktari wa selimundu anayekuhudumia na daktari wa usingizi wazungumze kabla ya tarehe, si siku hiyo. Huenda ukahitaji kuongezewa damu kwanza. Kama unatumia haidroksiyurea, ile dawa ya selimundu, usiache wala kuendelea bila wao kusema. Unapofunga kula kabla ya operesheni uliza lini mwisho wa kunywa maji na kama utawekewa dripu, maana kiu inaweza kukuletea maumivu ya selimundu palepale mezani. Waambie pia dawa ipi ya maumivu hukusaidia na kwa kipimo gani, kwa sababu wagonjwa kama wewe mara nyingi hupewa kidogo.

Kingine: mabega yako yakoje? Selimundu ikiua kichwa cha mfupa wa nyonga huweza kuua na cha bega, na woka hubebwa na mabega. Yakiuma, sema kabla, ili watu wa mazoezi wakutafutie woka ya kuegemeza mikono ya mbele badala ya viganja. Kwa umri wako pia tegemea kwamba huenda siku moja chuma hiki kikabadilishwa tena, kwa hiyo picha zako na karatasi yenye aina ya kiungo ulichowekewa zitunze pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.

Halafu baridi. Vyumba vya operesheni vina kiyoyozi, na shuka la wodi ni jepesi. Nenda na blanketi lako na soksi, na umwambie nesi wa zamu ya usiku kwa nini umekuja navyo.